Waya Mmoja Badala ya Arobaini na Nane: Ushauri kwa Fundi wa Adapta za Mtandao

Kijana wa Nyanungu aliyemaliza fani ya umeme hana haja ya kuhamia Dar es Salaam ili akutane na mitambo inayojiendesha. Nyamongo iko katika wilaya yake mwenyewe ya Tarime, mkoani Mara, na mgodi wa dhahabu wa North Mara umekuwa ukizalisha huko tangu 2002. Nje ya uzio wa mgodi mkubwa kuna makarasha, mitambo ya kuchenjua marudio na pampu za maji. Wenye mitambo hiyo wameanza kuchoka kulipa mtu wa kukaa usiku kucha akiangalia tangi lisifurike, kwa hiyo wanafunga PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo.

Fundi wetu anajua kufunga mota, kontakta na ovalodi. Anafungua paneli ya PLC na kuona vitu anavyovifahamu: brekaa, terminali, rilei. Halafu anafungua paneli nyingine ndogo iliyoko mbali, karibu na matangi, na humo anakuta kisanduku cha plastiki kinachotosha kiganjani, chenye soketi mbili za mtandao na taa tatu au nne zinazopepesa, kimepangwa kwenye reli pamoja na moduli kadhaa. Hiyo ndiyo adapta. Wengi hukutana nayo mara ya kwanza siku ambayo imeshagoma na bosi amesimama nyuma yao.

Makala haya ni kwa fundi huyo, na kwa mwenye mtambo anayemlipa. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: adapta inakupunguzia nyaya, lakini inakusanya hatari yote mahali pamoja. Kazi kubwa ya anayeifunga ni kuamua mapema mtambo utafanya nini siku waya ule mmoja ukikatika.

Adapta inafanya kazi gani

PLC inahitaji kujua yanayotokea mtamboni: mota inazunguka au imesimama, tangi limejaa kiasi gani, swichi imeguswa au la. Hizo ni ishara za kuingia, yaani inputi. Nayo ina amri za kutoa: washa pampu, funga vali, piga king'ora. Hizo ni autputi. Zamani kila ishara ilivutiwa nyaya zake kutoka mtamboni mpaka chumba cha PLC. Siku hizi moduli za inputi na autputi zinawekwa karibu na mashine zenyewe, na adapta inazisemea kwa PLC kupitia mtandao.

Adapta ni kama konda wa daladala. Hazungumzi na dereva habari za kila abiria peke yake. Anapita kiti kwa kiti, anakusanya, kisha anampa dereva hesabu moja. Vivyo hivyo adapta inazipitia moduli kwa kufuata nafasi zake kwenye reli, inakusanya hali za inputi zote, inazifunga katika kifurushi kimoja na kukituma. Kifurushi kinachorudi kutoka PLC inakifungua na kugawa amri kwa moduli za autputi. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde.

Kwa hiyo kuna viungo vitatu, na fundi lazima avitenganishe kichwani. Kiungo cha kwanza ni nyaya kutoka sensa au kontakta mpaka kwenye moduli. Cha pili ni njia ya ndani inayounganisha moduli na adapta, ile ya pini za ubavuni au za nyuma. Cha tatu ni mtandao kutoka adapta mpaka PLC. Hitilafu yoyote utakayoitiwa itakuwa katika kimoja kati ya viungo hivyo, au katika umeme unaovilisha. Anayevichanganya hubadilisha sensa nzima wakati kilichoharibika ni kebo ya mtandao.

Zingatia pia kwamba nafasi ya moduli ina maana. Ukizichomoa moduli mbili za aina tofauti na kuzirudisha kwa kubadilishana nafasi, PLC itagoma kuunganika. Au, kama ukaguzi wa aina ya moduli umezimwa kwenye programu, itasoma taarifa za moduli moja ikidhani ni za nyingine. Usiuzime ukaguzi huo ili "mambo yaende". Upo kwa ajili ya kukuzuia usiwashe mota isiyotakiwa.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Tuchukue mtambo mdogo wa kuchenjua wenye matangi sita. Kila tangi lina mota ya kukoroga na sensa ya kina. Kila mota inahitaji autputi moja ya kuiwasha, inputi moja ya kuthibitisha kwamba inazunguka, na inputi nyingine ya kusema ovalodi imekata. Sensa ya kina inatoa ishara moja ya 4–20 mA. Jumla kwa matangi sita ni inputi 12 za ndiyo-au-hapana, autputi 6, na ishara 6 za kipimo: ishara 24.

Kila ishara ikihitaji nyaya mbili, hizo ni nyaya 48. Kama chumba cha PLC kiko mita 80 kutoka kwenye matangi, umevuta mita 3,840 za waya na kufunga ncha 96, kila moja ikiwa nafasi ya kulegea baadaye. Ukifunga paneli ndogo pale kwenye matangi, ndani yake adapta moja, moduli ya inputi 16, moduli ya autputi 8 na moduli ya vipimo 8, unavuta kebo moja ya mtandao na kebo moja ya umeme. Na bado umebakiwa na akiba ya inputi 4, autputi 2 na vipimo 2.

Akiba hiyo usiione kama hasara. Mwenye mtambo akiongeza tangi la saba, na ataongeza, nafasi zitakuwepo. Ila kila adapta ina ukomo wa moduli inazobeba, na ukomo huo uko namna mbili: idadi ya moduli, na mkondo wa umeme ambao adapta inaweza kuzipa moduli kupitia njia ya ndani. Adapta ya familia ya Flex 1794 ya Allen-Bradley inabeba moduli 8. Ile ya Point 1734 inafika 63, lakini utaishiwa mkondo wa ndani muda mrefu kabla ya kufika huko usipoongeza moduli ya umeme katikati. Jumlisha miliampea za kila moduli kutoka kwenye karatasi ya kiwanda kabla hujatoa hela.

Usisahau kifungio cha mwisho pia. ET 200SP ya Siemens inadai moduli ya kufungia mwishoni mwa safu, na WAGO ya mfululizo wa 750 inadai moduli ya mwisho namba 750-600. Ni kipande kidogo chenye bei ndogo, lakini bila hicho safu nzima haiamki. Fundi aliyenunua vifaa kwa vipande mjini bila kukiandika kwenye orodha anafika Tarime na kukuta kazi imesimama.

PLC ndiyo inayochagua adapta

Moduli za kampuni moja zinaweza kuwa na adapta za aina nyingi, kila moja ikizungumza lugha yake ya mtandao. Swali la kwanza dukani lisiwe "adapta bei gani", liwe "PLC yangu inazungumza lugha gani".

PLC za Allen-Bradley zimejengwa kwa EtherNet/IP. Za Siemens za sasa zimejengwa kwa PROFINET, na mitambo ya zamani kidogo ina PROFIBUS, ambayo utaitambua kwa kebo yake ya zambarau na plagi yenye kiswichi kidogo cha kufungia laini. Modbus, iliyotolewa na Modicon 1979, inaeleweka karibu kila mahali: PLC ndogo, viendesha mota na mita za umeme. Kwa mtambo mdogo wenye bajeti ya kubana, Modbus inatosha kabisa. Soketi ya EtherNet/IP na ya PROFINET zinafanana, zote ni zilezile za kompyuta, lakini kuchomeka kukikubali si kwamba vifaa vimeelewana.

Pamoja na adapta, pata faili lake la maelezo kutoka tovuti ya kiwanda. Kwa PROFINET na PROFIBUS linaitwa GSD, kwa EtherNet/IP linaitwa EDS. Faili hilo ndilo linaloiambia programu ya PLC kwamba adapta hii ni ya aina gani na inabeba nini. Lipakue ukiwa na mtandao mzuri, liweke kwenye kompyuta na kwenye flashi. Usisubiri mpaka uko bondeni simu ikitafuta mnara.

Umeme kwanza, mtandao baadaye

Matatizo mengi yanayoitwa ya mtandao ni ya umeme. Adapta nyingi hutumia volti 24 za DC, na nyingi zinavumilia kushuka mpaka 19.2. Sasa tazama kinachotokea ukiweka kigeuza umeme kwenye chumba cha PLC na kuvuta volti 24 kwa waya wa milimita za mraba 1.5 hadi mita 100. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 200 za waya. Waya huo una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kilomita, hivyo njia yako ina omu 2.4. Vali na rilei zikivuta ampea 2 kwa pamoja, unapoteza karibu volti 4.8 njiani. Kwenye adapta zinafika volti 19.2, mpakani kabisa mwa uvumilivu wake.

Mtambo kama huo utafanya kazi vizuri asubuhi wakati vali mbili tu zimefunguka. Jioni vali zote zikifunguka pamoja, adapta inazimika, PLC inapoteza mawasiliano, vali zinafunga, volti inapanda, adapta inaamka, mzunguko unaanza upya. Fundi asiye na maltimita mkononi atasema "mtandao unakatakata". Dawa ni kuweka kigeuza umeme ndani ya paneli ya mbali na kuvuta volti 230 mpaka pale, au kuongeza unene wa waya. Na pima volti wakati mtambo umebeba mzigo wote, usipime ukiwa umelala.

Tenganisha pia umeme wa adapta na inputi na ule wa autputi, kila mmoja na fyuzi yake. Autputi moja ikipiga shoti, adapta ibaki hai ili ikueleze nani amekosea. Na pale umeme wa gridi unapokatika mpaka jenereta lishike, kigeuza umeme chenye betri ya akiba ni cha thamani, kwa sababu PLC itaendelea kuona hali ya matangi wakati mota zote zimesimama.

Umbali, joto na radi

Kebo ya shaba ya Ethernet inakwenda mita 100, basi. Laini ya RS-485 inayobeba Modbus inaweza kufika mita 1,200 kwa kasi ndogo, ikiwa na vifaa 32 vya kawaida, kwa masharti kwamba imepita kifaa hadi kifaa bila matawi marefu na ina kikinzani cha omu 120 kila mwisho. Kuna kipimo chepesi cha kuikagua: zima umeme wa vifaa vyote, weka maltimita kati ya nyaya mbili za data. Ukisoma karibu omu 60, vikinzani vyote viwili vipo. Ukisoma karibu 120, kimoja hakipo. Ukisoma karibu 40, kuna mtu ameongeza cha tatu katikati.

Kwa pampu iliyoko mita 600 bondeni, Ethernet ya shaba haifai, tumia faiba. Mbali na umbali, kuna sababu nyingine inayowahusu watu wa Mara kuliko wengi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Radi ikipiga karibu na bonde, waya mrefu wa shaba kati ya majengo mawili unabeba msukosuko huo na kuuingiza moja kwa moja kwenye adapta upande mmoja na PLC upande wa pili. Faiba ya kioo haipitishi umeme, ila hakikisha kebo uliyonunua haina waya wa chuma ndani kwa ajili ya uimara. Kama inao, uunganishe na ardhi kitaalamu. Umeme wa pampu nao uwekewe kizuia msukosuko, maana radi haichagui mlango.

Ndani ya paneli, adui ni vumbi na joto. Adapta nyingi zimepimwa kwa joto la hewa la hadi nyuzi 55 au 60 za Selsiasi, na paneli ya bati iliyokaa juani mchana kutwa inafika huko bila taabu. Ijengee kivuli, iweke upande usiopigwa na jua la alasiri, acha nafasi ya hewa juu na chini ya moduli kama kiwanda kinavyoagiza. Ziba kila tundu ambalo kebo haikupita. Vumbi la karasha lenye unyevu hupitisha umeme, na mjusi aliyejibanza kwenye terminali ameshazima mitambo mingi.

Anwani zisigongane

Kila adapta ya Ethernet inahitaji utambulisho wake. Kwa PROFINET ni jina, kwa EtherNet/IP na Modbus TCP ni anwani ya IP. Adapta ya 1734-AENTR ina magurudumu matatu madogo ya namba usoni. Inatoka kiwandani ikiwa 999, maana yake inangoja kupewa anwani na kompyuta. Ukizungusha mpaka 025, kisha ukaizima na kuiwasha, inajipa 192.168.1.25. Tumia magurudumu hayo kila inapowezekana, kwa sababu siku adapta ikifa saa nane za usiku, fundi wa zamu atazungusha namba zilezile kwenye adapta mpya bila kuhitaji kompyuta.

Andika orodha ya anwani zote, ibandike ndani ya mlango wa paneli, na andika anwani ya kila adapta juu yake kwa kalamu isiyofutika. Na mtandao wa mtambo uwe wa mtambo tu. Usichomeke kamera za ulinzi wala kisambaza Wi-Fi cha ofisini kwenye swichi inayobeba PLC na adapta. Kifaa kimoja kikijipa anwani iliyokwisha kutumika, au kamera zikijaza njia, matangi ndiyo yatakayolipa.

Kasi ya kupashana habari nayo iwekwe kwa akili. Programu inakuuliza taarifa zije kila baada ya milisekunde ngapi. Tangi halijai kwa milisekunde 20. Kwa kina cha tangi milisekunde 100 hadi 500 zinatosha, na mtandao unapumua. Zile ndogo ziwekee mashine zinazozihitaji kweli.

Waya ukikatika

Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Siku moja panya atatafuna kebo, trekta litapita juu ya mtaro, au plagi italegea. Kabla ya siku hiyo, kaa na mwenye mtambo pamoja na mtu wa kuchenjua, muipitie kila autputi na kuiandikia jibu la swali moja: mawasiliano yakipotea, hii ifanye nini?

Moduli nyingi zinakupa chaguo: izime, ibaki ilivyokuwa, au iende kwenye hali uliyoipanga. Jibu halifanani kwa kila kifaa. Vali ya sianidi lazima ifunge. Pampu inayolisha tangi lazima isimame, maana tangi likifurika mchanganyiko wenye sianidi unakwenda kwenye ardhi na maji ya watu. Lakini mota ya kukoroga ukiisimamisha, mchanga unatuama chini ya tangi na kesho haizunguki tena; hiyo pengine ni bora ibaki ilivyokuwa. Ukiziacha zote kwenye hali ya kiwandani bila kuuliza, umemwachia mtu asiyeujua mtambo wako aamue.

Kuna mtego wa pili ambao mafundi wengi hawauoni: upande wa inputi. Mawasiliano yakikatika, baadhi ya PLC hubaki na thamani ya mwisho iliyosomwa. Skrini itaendelea kuonyesha tangi liko asilimia 62 wakati tangi linamwagika. Nyingine hurudisha sifuri, na PLC ikiona tangi tupu inafungulia maji zaidi. Kwa hiyo kila programu lazima kwanza isome alama ya uhai wa adapta, ndipo iamini vipimo. Alama ikionyesha kifo, king'ora kilie na vipimo vya adapta hiyo visitumike. Kwa ishara za 4–20 mA kuna msaada wa ziada: tangi tupu ni 4 mA, hivyo chochote chini ya 3.6 mA ni waya uliokatika au sensa iliyokufa, wala si tangi tupu.

Mtego wa tatu ni kurudi kwa mawasiliano. Kebo ikichomekwa tena, mota zisijiwashe zenyewe wakati mtu ameingiza mkono kwenye mkanda. Programu ingoje mwendeshaji abonyeze kitufe cha kuanza. Na kitufe cha dharura kisitegemee adapta ya kawaida hata kidogo. Kikate umeme wa kontakta kwa waya wake wenyewe, au kitumie mfumo maalumu wa usalama uliothibitishwa kwa kazi hiyo.

Kisha jaribu. Kabla ya kumkabidhi mwenye mtambo funguo, matangi yakiwa na maji matupu, chomoa kebo ya mtandao mbele yake. Angalia kila vali na kila mota imefanya kilichoandikwa. Chomoa umeme wa adapta, fanya vivyo hivyo. Wekeni sahihi zenu kwenye karatasi ya majaribio.

Kama mtambo hauwezi kuvumilia kukatika kwa kebo moja, tumia adapta zenye soketi mbili na uzifunge kwa mzunguko, ili njia moja ikikatika taarifa zipite upande wa pili. EtherNet/IP ina utaratibu huo kwa jina la DLR, PROFINET ina MRP. Ukizipanga adapta kwa mstari tu, moja ikizimika katikati, zote zilizo mbele yake zinapotea.

Soma taa kabla ya kushika bisibisi

Ukiitwa, simama kwanza mbele ya paneli na utazame. Kwenye adapta za EtherNet/IP, taa ya mtandao ya kijani isiyopepesa inasema PLC imeunganika. Kijani inayopepesa inasema anwani ipo lakini hakuna PLC iliyounganika nayo. Nyekundu inayopepesa inasema kulikuwa na muungano na umekatika. Nyekundu iliyotulia mara nyingi inasema kuna kifaa kingine chenye anwani hiyohiyo. Kwenye adapta za Siemens zenye taa ya BF, taa hiyo ikipepesa inasema hakuna mabadilishano ya taarifa na PLC. Taa zote zikiwa zimezima, usiguse mtandao. Tafuta volti 24.

Taa ya adapta ikiwa sawa lakini ya moduli moja ni nyekundu, tatizo liko kwenye njia ya ndani au moduli hiyo. Zote zikiwa sawa na bado PLC haioni swichi, rudi kwenye kiungo cha kwanza: angalia taa ya inputi yenyewe, kisha pima volti kwenye terminali. Kwa kufuata mpangilio huo, unajua kabla ya kushika bisibisi kwamba uende kwenye paneli, kwenye kebo au kwenye sensa.

Na kabla hujachomoa moduli, hakikisha kitabu cha kiwanda kinaruhusu kuchomoa ikiwa na umeme. Baadhi zinaruhusu, nyingine zinaungua. Funga kufuli kwenye brekaa ya mashine inayohusika na uweke kibandiko chenye jina lako. Autputi unayoijaribu huku juu inaweza kuzungusha mkanda kule chini.

Speya, nakala na mazoezi

Kila mtambo unaotegemea adapta uwe na adapta moja ya akiba kabatini, ya namba ileile ya modeli na toleo lile la programu ya ndani linalokubaliwa na PLC. Unaponunua iliyotumika Nairobi au Kariakoo, omba ijaribiwe mbele yako ikiwa na moduli. Weka nakala ya programu ya PLC mahali pawili, ikiwa na tarehe, na mwenye mtambo awe nayo moja. Nakala iliyoko kwenye kompyuta ya fundi aliyehama si nakala.

Wewe kijana unayetaka kuingia kwenye kazi hii, usingoje kuajiriwa ndipo ujifunze. VETA inakupa msingi wa umeme, na chuo chake cha Moshi kinajulikana kwa mafunzo ya ufundi wa migodini yaliyoanzishwa pamoja na kampuni za madini. Juu ya msingi huo ongeza mazoezi ya mezani. CODESYS inapakuliwa bure, na inakuwezesha kuigeuza kompyuta kuwa PLC ya majaribio. PRONETA ya Siemens nayo ni ya bure, na inakuruhusu kusoma inputi na kujaribu autputi za adapta ya PROFINET kabla hata PLC haijafika. Mkichanga watatu au wanne mkanunua adapta moja ya Modbus na moduli mbili, mnaweza kuvunja na kuunganisha kila kiungo nilichokitaja mpaka mkizoee.

Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinataka Mtanzania apewe kipaumbele cha ajira na zabuni. Kanuni itakufungulia mlango, ila haitasoma taa kwa niaba yako. Na wewe mwenye mtambo, fundi akikuletea bei ya kufunga PLC bila karatasi inayosema kila vali na kila mota itafanya nini mawasiliano yakikatika, usitie sahihi. Mwambie akaiandike kwanza, kisha arudi aje kuchomoa kebo mbele yako.